Wiki 12 za kujifunza kuomba: tathmini ya mafunzo ya uchangishaji fedha kwa anayetaka kuifanya iwe kazi yake

Nimesubiri miezi kumi na minne kabla ya kuandika tathmini hii. Siku ya mwisho ya mafunzo kila mtu ana furaha ya cheti, na nyota tano hutoka kirahisi. Nilitaka kwanza nifanye kazi yenyewe: nikae mbele ya watu, niombe, nikataliwe, niandike taarifa za matumizi usiku wa manane, halafu ndiyo nirudi kusema kipi kilinisaidia na kipi kilibaki kwenye daftari.

Ni mafunzo ya mtandaoni ya wiki 12 kwa anayetaka kuwa mchangishaji fedha wa kitaalamu, yaani mtu ambaye ajira yake ya kila siku ni kutafuta fedha za kuendesha shirika lisilo la faida, shule, hospitali au kituo cha utamaduni. Kuna vipindi viwili vya moja kwa moja kwa wiki, kazi ya kukabidhi kila Ijumaa, na mkufunzi mmoja kwa wanafunzi 15. Jina la watoaji silitaji. Mafunzo ya muundo huu yapo mengi na mitaala yao inakaribiana sana, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yatakusaidia kupima lolote utakaloliona likitangazwa.

Nijieleze kidogo ili ujue nilikotokea. Nilikuwa karani wa benki kwa miaka tisa, dirishani. Nimehesabu fedha nyingi za watu, lakini sikuwahi kumwomba mtu hata senti. Kisha nikaingia kwenye shirika dogo linalowapatia watoto vifaa vya kusaidia kusikia, nikiwa mhasibu msaidizi. Nusu mwaka baadaye aliyekuwa akishughulikia wafadhili aliondoka, na mkurugenzi akaniita ofisini akasema, "Wewe unaelewa fedha, shika hii." Kuelewa fedha na kuzitafuta ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana nikajiandikisha.

Wiki mbili za mwanzo ni historia ya taaluma. Nilidhani nitasinzia, ila ndizo zilizonifanya niiheshimu kazi hii. Mkufunzi alianza na Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, ambaye katika karne ya 18 aliombwa ushauri na mchungaji aliyekuwa akitafuta fedha za kujenga kanisa Philadelphia. Franklin akamwambia: anza na wale unaojua kwa hakika watatoa kitu, kisha nenda kwa wale usio na hakika nao na uwaonyeshe orodha ya waliokwisha kutoa, na mwisho usiwaache hata wale unaoamini hawatatoa chochote, kwa sababu kwa baadhi yao utakuwa umekosea. Nimefanya kazi hii zaidi ya mwaka na bado sijaona mpangilio bora kuliko huo. Mara tatu nimepata mchango kutoka kwa mtu wa kundi la mwisho.

Baada yake alikuja Mary Lyon, mwalimu aliyezunguka New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, miaka ya 1830 akiwa na mfuko wa mahameli ya kijani, akikusanya michango midogomidogo, mingi kutoka kwa wanawake, ili kuanzisha shule ya juu ya wasichana. Shule hiyo, Mount Holyoke, ilifunguliwa mwaka 1837. Halafu tukaletwa mwaka 1905, Washington, ambako Charles Sumner Ward na Lyman Pierce waliendesha kampeni ya jengo la YMCA kwa mtindo ambao leo tunauona wa kawaida: muda mfupi, tarehe ya mwisho inayojulikana, timu za wajitoleaji, na hesabu inayotangazwa hadharani ili kila mtu aone imefikia wapi. Kila ukiona mchoro wa kipimajoto kinachopanda rangi nyekundu kuelekea lengo, hapo wale mabwana wawili wana mkono wao.

Wiki ya tatu ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofikiri, labda kwa sababu ya asili yangu ya benki. Mkufunzi alituuliza: mnatafuta milioni 100, mtazipataje? Karibu sote tukajibu vilevile: tutafute watu elfu moja, kila mmoja atoe laki moja. Ndivyo mkurugenzi wangu pia alivyokuwa akisema kila kikao. Mkufunzi akachora jedwali la viwango vya michango. Juu kabisa, mchango mmoja wa milioni 20. Chini yake miwili ya milioni 10. Kisha minne ya milioni 5. Kisha kumi ya milioni 2. Jumlisha: watu 17 wameleta milioni 80. Milioni 20 zilizobaki ndizo zitakazotoka kwa umati. Na kwa kila mchango mkubwa unahitaji majina kama matatu au manne ya watu wanaoweza kuutoa, kwa sababu wengi watakataa au watatoa pungufu. Ukichukua manne, 17 mara 4 ni 68.

Niliifunga kompyuta usiku ule nikaketi na orodha yetu ya wafadhili na kalamu. Nilitafuta majina 68. Niliyapata 23. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lengo letu la mwaka uliopita lilishindikana. Watu walikuwa na ukarimu wa kutosha; ni sisi tulioanza kuomba kabla ya kuwajua. Jedwali lile nililipeleka kwenye kikao cha bodi Jumatatu iliyofuata, na kwa mara ya kwanza wajumbe walijadili majina badala ya kujadili matumaini. Hilo peke yake lilinirudishia muda wote niliotumia kwenye mafunzo.

Wiki ya nne na ya tano ni uandishi wa barua za wito. Tulitumwa tulete barua halisi ya shirika letu. Mkufunzi aliichukua yangu akaiweka kwenye skrini mbele ya darasa zima, akaanza kuzungushia duara kila neno lenye "sisi", "yetu", "tulifanya", "shirika letu". Maduara yalikuwa 31. Kisha akazungushia kila mahali barua ilipomtaja msomaji: manne, na moja kati ya hayo ni "Ndugu Mfadhili" ya juu. Alisema jambo ambalo bado limebandikwa juu ya meza yangu: mfadhili hachangii shirika, anachangia kitu anachotaka kitokee duniani, na shirika ndilo linalomwezesha. Barua niliyoiandika upya ilianza na mvulana wa miaka sita aliyesikia mvua ikigonga bati na akauliza hiyo ni sauti ya nini. Mama yake alituruhusu kuisimulia, kwa masharti tusitaje jina wala kuweka picha, nasi tukayashika.

Sasa nifike wiki ya sita, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa mafunzo haya. Ni zoezi la kuomba ana kwa ana. Mnagawanywa wawiliwawili, mmoja mfadhili, mmoja mchangishaji, na wengine wote wanatazama. Mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya upole. Nilieleza kazi yetu vizuri. Nilimsikiliza. Kisha nikasema: "Ningependa ufikirie kugharamia vifaa vya watoto kumi na wawili mwaka huu, lakini kama haiwezekani hata kidogo tu kitatusaidia, chochote ulicho nacho, na wala usijisikie vibaya."

Mkufunzi akanyanyua mkono. "Dada, umeomba, halafu umejijibu mwenyewe. Mama hajapata nafasi hata ya kuvuta pumzi."

Hili ni jambo la lugha yetu na malezi yetu, na sijaona mwingine akilieleza vizuri kama yule mkufunzi. Tumefundishwa kwamba adabu ya kuomba ni kujipunguza. "Hata kidogo si haba." "Kama hutojali." "Chochote kile." Ukimwomba jirani akuazime ndoo, hayo ni maneno mazuri. Lakini mbele ya mtu aliyekuja akiwa tayari kugharamia watoto kumi na wawili, "chochote" ni kumpokonya uamuzi wake. Unamwambia kwamba jambo unaloliomba si zito. Alinirudisha mara nne. Mara ya nne nilisema sentensi nzima, nikaishia kwenye "mwaka huu", nikafunga mdomo. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilifika 11. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama niliyeiba. Kisha yule mama mstaafu akasema, "Niambie zaidi kuhusu hao kumi na wawili."

Miezi mitatu baadaye nilikuwa kwenye ofisi ya mmiliki wa kampuni ya usafirishaji. Nilimwekea mezani kipande kile cha plastiki laini kinachoingia sikioni, kile kinachotengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto mmoja tu. Alikichukua akakizungusha vidoleni muda wote nilipokuwa nikiongea. Niliomba. Nikanyamaza. Alikitazama kile kipande, akanitazama, akauliza, "Kwa nini kumi na wawili?" Nilikuwa na jibu: kumi na wawili wamekwisha kupimwa, majina yao yapo kwenye orodha, na kila mwezi wanaosubiri ni mwezi wa kutosikia lugha wakati akili zao zinajifunza lugha. Akagharamia wanane. Kwa shirika letu hao wanane walikuwa mchango mkubwa kuliko wote wa mwaka ule. Bila wiki ya sita ningetoka pale na "chochote".

Wiki ya saba na ya nane ni maandiko ya miradi kwa ajili ya ruzuku kutoka kwa wakfu na mashirika ya misaada. Yamefundishwa vizuri na sina mengi ya kusema: soma mwongozo wa mtoa ruzuku neno kwa neno, jibu alichouliza, bajeti iendane na maelezo, usibadilishe kazi yako ili ufanane na fedha zake. Kipindi kimoja ndani yake kilikuwa cha thamani kubwa, kile cha kutofautisha fedha zilizofungwa na fedha huru. Fedha iliyotolewa kwa vifaa haiwezi kulipa umeme wa ofisi bila idhini ya aliyeitoa. Lakini kifaa bila betri, bila fundi wa kukirekebisha, bila kipande kipya cha sikio mtoto anapokua, ni pambo. Tangu siku ile bajeti zangu zinaonyesha gharama nzima ya mtoto mmoja kusikia kwa mwaka mzima, badala ya bei ya kifaa pekee, na mfadhili anaiona na kuielewa.

Wiki ya tisa ni maadili, na hapa nataka kila anayefikiria kuingia kwenye kazi hii asome polepole.

Chama cha wachangishaji wa kitaalamu kinachojulikana zaidi, AFP, kilianzishwa Marekani mwaka 1960, na miaka minne baadaye kikapitisha kanuni zake za maadili. Kanuni hizo zinamkataza mchangishaji kulipwa kwa asilimia ya michango anayoileta. Darasani wengi walishangaa. Muuzaji hulipwa kamisheni, kwa nini mchangishaji asilipwe? Mkufunzi hakuharakisha. Alitupa mfano: mjane mzee anataka kuliachia shirika nyumba yake kwa wosia, lakini unaona kwamba watoto wake hawajaambiwa na yeye mwenyewe anasitasita. Mchangishaji wa mshahara anaweza kumwambia, mama, nenda kwanza ukazungumze na familia na wakili wako. Mchangishaji wa asilimia anatazama kodi ya pango anayodaiwa yeye mwenyewe. Na kuna la pili: mchango mkubwa unaokuja leo huenda ulipandwa na mtu aliyefanya kazi pale miaka sita iliyopita, na mhudumu wa mapokezi aliyejibu simu kwa heshima, na muuguzi. Ni asilimia ya nani?

Wiki chache baada ya kumaliza mafunzo nilipigiwa simu na shirika moja likinitaka. Hakuna mshahara, walisema, ila utapata asilimia 10 ya kila utakacholeta. Kwa hesabu ya haraka ilikuwa fedha nyingi kuliko ninazopata. Nilikataa, na niliweza kueleza kwa nini bila kuwatukana. Kama unatafuta kazi katika fani hii utakutana na ofa ya namna hiyo mapema sana, hasa ukiwa mgeni, kwa sababu anayeitoa anajua huna pa kulinganisha. Mafunzo yasiyoligusa jambo hili hayakustahili muda wako.

Katika wiki hiyohiyo tulisoma Hati ya Haki za Mfadhili ya mwaka 1993, yenye haki 10. Ni ukurasa mmoja tu. Mfadhili ana haki ya kujua fedha zake zitatumikaje, ya kujua kama anayemwomba ni mjitoleaji, mwajiriwa au mtu aliyekodiwa, ya kuuliza swali na kupewa jibu la kweli kwa haraka. Niliipachika ukutani karibu na simu. Nilikuja kuihitaji, kama utakavyoona.

Sasa nieleze penye upungufu, kwa kuwa upo na unauma.

Mafunzo yote haya ya wiki 12 yalitoa kipindi kimoja tu kwa yanayofuata baada ya mtu kutoa, nusu yake kuhusu kanzidata ya wafadhili na nusu yake kuhusu kushukuru. Kipindi kimoja kati ya 24. Tulifundishwa kuomba kwa njia nane, na baada ya mtu kutoa tukaachwa mlangoni. Lakini nikiangalia kalenda yangu ya mwaka, siku za kuomba ni chache. Siku nyingi ni za kutunza: kuingiza taarifa, kuandika shukrani, kupiga simu, kumrudia mtu na kumwambia kilichofanyika. Huko Marekani ambako jambo hili hupimwa mwaka hadi mwaka, wanaotoa kwa mara ya kwanza na kurudi mwaka unaofuata hawafiki theluthi moja. Maana yake kazi kubwa ya kuwatafuta watu inamwagika chini. Mimi nilitoka benki. Ningeambiwa kwamba wateja wawili kati ya watatu hufunga akaunti ndani ya mwaka, nisingezungumzia kitu kingine chochote.

Nililipia upungufu huo kwa aibu. Barua ile nzuri, ya mvulana na mvua, niliituma kwa orodha nzima. Siku nne baadaye simu ililia.

"Wewe ndiye uliyesaini barua hii?"

"Ndiyo, mama, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, mume wangu alifariki mwaka juzi. Hii ni barua ya tatu. Nilipiga hapo, nikaambiwa jina litaondolewa. Nilipiga tena. Leo nimeifungua nikaona jina lake, na mmeandika mnamtakia afya njema."

Sikuwa na la kusema zaidi ya pole na nisamehe. Niliangalia kwenye kanzidata nikiwa naye bado kwenye simu. Marehemu alikuwa ameandikwa mara tatu: kwa jina kamili, kwa herufi za mwanzo, na kwa jina lililokosewa herufi moja. Mtu alikuwa amefuta moja na akaamini amemaliza. Aliniomba nifute na jina lake yeye pia. Nilifuta, nikamthibitishia kwa barua ya mkono, na hatujawahi kumtafuta tena. Ukurasa ule ukutani unataja haki ya jina kufutwa kwenye orodha ambazo shirika linakusudia kuwapa wengine, na kwangu uzito wake ni uleule. Kisha nikatumia wiki tatu, kila jioni, kupitia kumbukumbu 1,900 moja baada ya nyingine. Zilizojirudia zilikuwa 212. Hakuna aliyenifundisha namna ya kufanya hivyo. Nilibahatisha kwa ujuzi wa benki.

Kushukuru nako nilijifunza mwenyewe. Kwenye mafunzo tulipewa kanuni ya saa 48, kwamba shukrani imfikie mtu ndani ya siku mbili, na ni kanuni nzuri, lakini haikuzungumzwa shukrani yenyewe isemeje. Nilianza kupiga simu tano kila Alhamisi asubuhi, bila kuomba chochote. Simu ya kwanza kabisa ilipokelewa na mzee mmoja. Nilipojitambulisha, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo, baba. Nimepiga kukushukuru kwa mchango wako wa mwezi uliopita."

Kimya. Nilidhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba amechangia mashirika manne kwa miaka mingi na hajawahi kupigiwa simu na yeyote ila kuombwa tena. Tukaongea dakika ishirini. Akanieleza kwamba yeye mwenyewe sikio la kushoto limeondoka, na kwamba siku hizi akiwa kwenye msiba au harusi hucheka wengine wanapocheka bila kujua kilichosemwa. Mimi nilikuwa na jina lake, tarehe na kiasi, basi. Sababu yake ya kuchangia haikuwamo kwenye kumbukumbu zetu hata kwa neno moja. Sasa imo. Amechangia mara nne tangu siku ile na sijamwomba.

Kuhusu ajira, kwa kuwa mafunzo haya yanatangazwa kama mlango wa kazi. Cheti chake hakikunipa kazi. Nimeitwa kwenye usaili mara mbili tangu nimalize, na wote waliotazama wasifu wangu walipita juu ya cheti wakauliza maswali yaleyale mawili: ni mchango gani mkubwa zaidi umewahi kuuomba wewe mwenyewe, na kati ya wafadhili wenu wa mwaka uliopita wangapi wamerudi. Swali la kwanza mafunzo yalinipa jibu. La pili nililijibu kwa zile simu za Alhamisi. Kwa hiyo kama huna kazi katika shirika lolote kwa sasa, usijiandikishe kabla ya kupata mahali pa kujitolea, hata siku moja kwa wiki. Wenzangu watatu walioingia bila shirika walifanya mazoezi kwa mashirika ya kubuni, na ilionekana; barua zao zilikuwa safi na hazikuwa na mtu ndani yake.

Tena usikichanganye cheti hiki na CFRE, ile ithibati ya kimataifa ambayo imekuwepo tangu 1981. Baadhi ya matangazo ya mafunzo huyataja majina hayo karibukaribu kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni kitu kimoja. CFRE haifundishi, inapima. Ni kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi hii kwa miaka kadhaa na anayeweza kuonyesha fedha alizosaidia kuleta na masomo aliyohudhuria, ndipo akafanya mtihani wa maswali 200 ya kuchagua jibu, na kila miaka mitatu anaihuisha. Ndiyo lengo langu. Baadhi ya vipindi vya mafunzo haya vinahesabika kwenye maombi yake, jambo ambalo mkufunzi alilitaja kwa kupita tu na lilistahili kuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Ningependa pia wangetuambia mapema kwamba fani hii ina vyumba vingi. Kuna wanaoishi kwenye maandiko ya ruzuku na hawakutani na mfadhili hata mmoja kwa mwezi. Kuna watafiti wanaokaa na taarifa za umma wakijua nani ana uwezo na nani ana sababu. Kuna wa wosia, ambao kazi yao ya leo itazaa wao wakiwa wamestaafu. Kuna wa matukio, wa kampeni za mtandaoni, wa wahisani wakubwa. Katika darasa letu kijana mmoja mkimya alitaka kuacha baada ya wiki ya sita kwa sababu zoezi la kuomba lilimtoa jasho. Mwalimu mstaafu, yule mwenzangu, ndiye aliyemwambia kwamba maandiko yake ndiyo bora kuliko yetu sote. Sasa anaandika ruzuku kwa hospitali na anaipenda kazi yake. Hilo lilipaswa kusemwa na mkufunzi.

Nayapa nyota nne. Nyota ya tano imebaki kwenye kile kipindi kimoja, nami nimewaandikia watoaji kuwaeleza hivyohivyo nilivyoeleza hapa. Kabla hujalipia mafunzo yoyote ya aina hii, omba ratiba nzima, chukua kalamu, uhesabu ni vipindi vingapi vinahusu yanayofuata baada ya mtu kutoa. Uliza kama kuna zoezi la kuomba mbele ya watu na utarudia mara ngapi. Uliza msimamo wao kuhusu malipo ya asilimia. Na ukichagua haya niliyosoma mimi, jitolee kuwa wa kwanza wiki ya sita. Niliyekuwa wa tisa nilirudia mara nne kwa kuwa mkufunzi alikuwa na subira. Wa mwisho watatu muda uliwaishia wakarudia mara moja tu.